Huruma Haikai kwenye Jalada: Mafunzo Niliyopata Kazini Nikiishi na Selimundu

Nimezaliwa na selimundu. Ni ugonjwa wa kurithi: baba alinipa nusu, mama akanipa nusu, na wote wawili walikuwa wazima wasiojua kwamba wanabeba. Oksijeni ikipungua mwilini, chembe zangu nyekundu za damu hujikunja zikawa na umbo la mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na hapo maumivu huanza: mgongoni, nyongani, kwenye mifupa ya miguu, kifuani. Chembe nyekundu ya mtu mwingine huishi takriban siku 120. Yangu kwa kawaida haifikishi wiki tatu. Ndiyo maana hata nisipoumwa damu yangu ni pungufu na macho yana manjano kidogo. Baridi, kiu, uchovu, malaria, msongo wa mawazo: kimojawapo tu kinatosha kunipeleka wodini.

Nami ni keshia. Nakaa kaunta ya taasisi ya fedha hapa Dar es Salaam, katika ukumbi unaopozwa na kiyoyozi kutwa nzima, na droo ya fedha ambayo siwezi kuiacha bila kuifunga. Mwisho wa mwezi tunatoka usiku. Kazi hii naiweza na naipenda. Ila mpangilio wake haukumfikiria mtu mwenye damu kama yangu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiomba mpangilio huo ulegezwe hapa na pale. Niliyojifunza katika kuomba huko nayaandika kwa mashujaa wenzangu wa selimundu, na pia kwa wenye kisukari, pumu, kifafa, figo au ugonjwa wowote usioisha, ambao kila asubuhi wanavaa sare na kwenda kazini.

1. Bosi mwema hatoshi

Meneja wangu wa kwanza wa tawi alikuwa mama aliyelea mtoto wa ndugu yake mwenye selimundu. Sikuhitaji kumweleza mengi. "Mwanangu, kaa kaunta ile ya mwisho, kule upepo haukufiki," aliniambia mwanzoni kabisa, na akawaagiza wenzangu wanishikie nafasi nikihitaji kutoka. Siku za kliniki aliniruhusu kwa mdomo. Hakuna kilichoandikwa, na hakuna aliyeona haja ya kuandika.

Kisha akahamishiwa Kanda ya Ziwa. Aliyekuja baada yake hakuwa mtu mbaya, na sitaki asomwe hivyo. Alipanga kaunta upya ili foleni iende haraka, nami nikajikuta chini ya kiyoyozi kinachopuliza tangu milango inapofunguliwa hadi jioni. Nilipomweleza, alilileta jalada langu, akalipekua mbele yangu ukurasa kwa ukurasa. "Dada, humu hamna kitu. Wakaguzi wakiniuliza kwa nini unatoka kaunta kila mara, nitawaonyesha nini?"

Lilikuwa swali la haki. Mwezi uleule nililazwa, maumivu yameingia kifuani, niko kwenye oksijeni.

Hisani ina gharama nyingine ambayo watu hawaisemi. Mtu aliyefadhiliwa huona haya kusema hapana. Siku za mishahara, foleni ikiwa imetoka hadi barazani, nilikuwa nabaki hadi usiku kuwasaidia wenzangu kufunga hesabu, kwa kuwa yule mama alikuwa amenitendea wema na nilitaka aone kwamba sikuupokea bure. Nilikuwa nalipa fadhila kwa uchovu, na uchovu ndio hasa unaonilaza. Siku nilipopata kibali cha maandishi deni hilo liliisha. Kibali hakina mtu wa kushukuriwa kila jioni.

2. Omba ukiwa mzima

Wengi wetu tunapeleka ombi siku tunayorudi kutoka hospitali, bandeji ya dripu ingali mkononi. Siku hiyo kila mtu anakuonea huruma, na huruma humfanya meneja akujibu kama mgonjwa: "Pole sana, pumzika kwanza, tutaongea." Hamtaongea.

Nenda katikati ya mwezi, hesabu zimetulia, wewe mwenyewe umepona na unachapa kazi. Mtu anayekuja na pendekezo akiwa imara husikilizwa kama mfanyakazi anayepanga kazi yake.

3. Taja kinachotakiwa kufanyika kaunta, hatua kwa hatua

Hili ndilo lililobadilisha kila kitu kwangu, kwa hiyo nitalikalia.

Ushauri wa kwanza wa kila daktari wa selimundu ni maji. Kunywa maji mengi, usingoje kiu. Basi ombi la kawaida huwa: "Naomba niruhusiwe kuwa na chupa ya maji." Meneja anakubali papo hapo, kwani chupa haimgharimu chochote. Tatizo linaanza saa moja baadaye. Figo za mtu mwenye selimundu huharibika mapema katika uwezo wake wa kukoleza mkojo, hivyo maji yanayoingia hutoka haraka na mara nyingi. Keshia anayekunywa maji anahitaji msalani. Keshia anayekwenda msalani anahitaji kufunga droo, kutoka kwenye mfumo wa kompyuta, na mtu wa kumwambia mteja aliyefikia dirishani kwamba asogee kaunta ya jirani. Usipoyaomba hayo, chupa itakaa mezani ikiwa imejaa, kwa sababu utaogopa kunywa. Nimewaona wenzangu wakifanya hivyo. Wanafika saa tisa alasiri midomo imekauka na chupa haijafunguliwa.

Kwa hiyo ombi langu halikusema "maji". Lilisema kwamba nitatoka kaunta kwa dakika chache takriban kila saa. Kwamba kabla ya kutoka nitafunga droo na kutoka kwenye mfumo kama kanuni zinavyotaka. Kwamba keshia wa kaunta ya pili atapokea wateja wangu kwa muda huo. Na kwamba nami nitampokelea wake akienda kula. Msimamizi wa kaunta alipolisoma alisema jambo moja tu: "Hili linawezekana." Alikuwa anaona kazi itaendaje, na hicho ndicho anacholipwa kukiangalia.

Kiyoyozi tulikimaliza vivyo hivyo. Sikuomba kizimwe, maana ukumbi una watu na mashine zinazotoa joto. Niliomba kaunta isiyopulizwa moja kwa moja, na ruhusa ya kuvaa sweta ya rangi ya sare. Siku za kliniki niliomba zibadilishwe na Jumamosi. Kliniki yetu hukusanya watu tangu alfajiri: kuna kupimwa damu, kungoja majibu, kumwona daktari, kisha dirisha la dawa. Anayetumia haidroksiyurea ni lazima apimwe picha kamili ya damu mara kwa mara, kwa sababu dawa hiyo, pamoja na faida yake kubwa ya kupunguza vipindi vya maumivu, inaweza kushusha chembe za damu. Asubuhi yote huishia huko. Nilipendekeza kwamba kila siku ya kliniki niifidie kwa Jumamosi ambayo si zamu yangu, na wenzangu wenye watoto wadogo waliifurahia habari hiyo kuliko mimi.

Mwishoni mwa ombi niliweka sentensi inayosema tuujaribu mpango huu kwa miezi mitatu kisha tukae tena. Meneja anayeogopa kufungwa na uamuzi wa milele hupumua akisoma hivyo. Baada ya miezi mitatu hakuna aliyetaka kuurudisha nyuma.

4. ED si barua ya daktari

Karatasi ya ED, ile ruhusa ya mapumziko unayopewa hospitali, tunaijua sote: jina, siku ngapi za mapumziko, sahihi, muhuri. ED inaeleza kwa nini hukuja jana. Haisemi lolote kuhusu namna utakavyofanya kazi mwaka mzima. Unaweza kuwa na ED zilizojaza bahasha na bado jalada lako halina kitu cha kukulinda.

Unachohitaji ni barua ya daktari anayekufuatilia kliniki, na mara nyingi lazima uende ukijua unataka iseme nini, kwa kuwa daktari ana foleni ndefu na hajawahi kuiona kaunta yako. Mimi nilimwandikia daktari wangu nusu ukurasa nikimweleza siku yangu ya kazi: nakaa saa ngapi, joto likoje, nyakati za kutoka, siku zinazochelewa. Akaandika mambo yanayohusu kazi tu: aepuke baridi ya moja kwa moja, apate maji na fursa ya kwenda haja bila kizuizi, asifanye kazi ya ziada mfululizo, ahudhurie kliniki kwa tarehe zilizopangwa.

Historia yangu yote haikuwamo, na haikuhitajika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Mwajiri anahitaji kujua mipaka yako ya kazi. Mambo ya uzazi wako, damu ulizoongezewa au ndugu zako ni ya kwako. Barua ikikabidhiwa kwa afisa rasilimali watu, uliza itakaa wapi na nani ataisoma.

Peleka nakala mbili. Moja iache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, uondoke nayo nyumbani. Usione aibu kuusubiri muhuri huo.

5. Sheria inasema zaidi ya tunavyodhani, na mahali pengine inanyamaza

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata ni nusu mshahara. Ukizigawa sawasawa ni siku 42 kwa mwaka, lakini selimundu haigawi sawasawa. Kipindi kimoja kibaya chenye maambukizi ya kifua kinaweza kumeza wiki kadhaa. Weka hesabu yako mwenyewe. Na cheti cha daktari kiwepo kila mara, kwani bila hicho mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo.

Ukivuka mpaka mambo hubadilika. Rafiki yangu wa Kisumu, naye shujaa, anafanya kazi chini ya Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, ambayo kiwango chake cha chini ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara katika miezi 12. Ugonjwa ni uleule. Umejaa kando ya ziwa na pwani kwa sababu ileile ya malaria: aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, hivyo urithi huo ukadumu katika koo zetu.

Mdogo wangu wa kiume ana selimundu pia, na yeye alikuwa zamu ya usiku kiwandani. Usiku, kwa Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini, ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kifungu cha 20 kinamtaka mwajiri amhamishe zamu mfanyakazi wa usiku aliyethibitishwa kitabibu kwamba hawezi kazi ya usiku, isipokuwa kama haiwezekani. Alipeleka cheti, akataja kifungu, akahamishiwa zamu ya mchana. Msimamizi wake hakuwahi kukisikia kifungu hicho. Wala mimi sikuwahi.

Pale sheria inaponyamaza tuseme wazi. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinakataza ubaguzi na kinataja ulemavu na virusi vya UKIMWI kwa jina. Selimundu, kisukari au kifafa havikutajwa. Kwa hiyo mwenzetu akibaguliwa hulazimika kupitia mlango wa ulemavu, na wengi wetu hatupendi kuitwa hivyo. Naelewa. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautazama ulemavu pia kwa vizuizi ambavyo mazingira na mitazamo ya watu humwekea mtu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka marekebisho yanayofaa yafanywe mahali pa kazi. Mlango huo ukikufaa, upite. Kwa maoni yangu Bunge lilipaswa kuyataja magonjwa ya kudumu kwa jina, na bado halijachelewa.

Halafu zipo Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42. Hizi zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya ugonjwa, aangalie chanzo chake, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama anaweza kurekebisha kazi ili mtu huyo abaki. Hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapopata uzito. Mwajiri hawezi kudai kwamba hakukuwa na cha kurekebisha ilhali uliandika, akapokea, na kwa miezi mitatu mpango ukafanya kazi.

6. Si kila kinachoitwa msaada ni msaada

Katikati ya mazungumzo yangu na ofisi niliahidiwa "mahali pa kupumzika". Ilikuwa chumba cha kumbukumbu: mafaili, vumbi, hakuna wateja, hakuna posho ya keshia, na hakuna njia ya kupanda cheo. Waliosema walisema kwa upole, na mmoja alidhani ananiokoa. Nilishukuru nikakataa, na nikakataa kwa maandishi, nikieleza kwamba nimeomba kuifanya kazi yangu na si kuondolewa.

Ukiahidiwa mabadiliko, uliza maswali matatu: mshahara na posho vitakuwaje, cheo kitakuwaje, na nikipata nafuu narudi vipi? Wapo wagonjwa wanaofaa kuhamishwa kabisa, kama mwenye nyonga iliyokufa mfupa ambaye hawezi tena kusimama kutwa. Uamuzi huo utoke kwenye mwili wako na daktari wako. Usitoke kwenye hofu ya ofisi.

7. "Anadeka" hujibiwa kwa kazi na kwa ukweli kidogo

Selimundu ina ukatili wake: jana ulicheka na wenzako, leo huwezi kunyanyua mkono, kesho kutwa umerudi. Watu husema, "Mbona jana alikuwa mzima?" Wengine husema unadeka, au bosi anakubeba. Macho yakizidi manjano wapo wanaokuhama mezani wakidhani utawaambukiza.

Sikuutangazia ukumbi mzima. Niliwachagua wawili, keshia wa jirani na mlinzi wa mlangoni, nikawaeleza inavyotokea na la kufanya. Wasinikande kwa barafu, kwani baridi huongeza maumivu. Wanipe maji, wanifunike, wanipe dawa iliyo kwenye mkoba wangu. Lakini nikishindwa kupumua, kifua kikibana, nikiwa na homa kali, au upande mmoja wa mwili ukilegea, wasingoje gari la ofisi wala ruhusa ya mtu, wanikimbize hospitali. Yule mlinzi, mzee ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, aliniambia baadaye kwamba amemfundisha na mwenzake wa zamu nyingine.

Ukweli huo mdogo ulizima maneno mengi. Yaliyobaki nimeyaacha.

8. Isome fomu yako ya tathmini kabla ya kusaini

Mwaka mmoja alama zangu za mahudhurio zilishuka kwa sababu siku za ED zilihesabiwa pamoja na utoro. Nilirudisha fomu bila sahihi, nikaambatisha vyeti, na alama zikarekebishwa. Likizo ya ugonjwa ni likizo. Hakuna anayekatwa alama kwa kwenda likizo ya mwaka.

9. Ijue tarehe kabla hujaihitaji

Mwenzetu mmoja wa kliniki, kutoka kampuni nyingine, aliachishwa kazi akiwa amelazwa. Barua ilipelekwa nyumbani. Familia yake iliiweka kabatini ili isimwongezee mawazo, kwa upendo mtupu. Aliposimama tena akaisoma, muda ulikuwa umepita.

Anayeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na migogoro mingine ya ajira ina siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kusikilizwa nje ya muda, lakini atapaswa kuishawishi Tume kwamba alikuwa na sababu nzito, na vyeti vya hospitali ndivyo vitakavyomsemea. Kama upo kwenye chama cha wafanyakazi, katibu wa tawi anaijua njia ya kufika huko.

Mchague mtu mmoja nyumbani, mke, mume, dada, yeyote unayemwamini na makaratasi. Mwonyeshe ilipo nakala yako yenye muhuri. Mwambie kwamba barua yoyote ya kazini ifunguliwe siku ileile inapofika, hata kama wewe uko wodini, kwa sababu siku 30 hizo hazingoji mgonjwa atoke.